Gari la Inchi Kumi na Saba

Misugusugu, 1973

Alhamisi, 8 Machi

Leo nilikuwa niondoke. Naandika hivyo wazi nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuwa nimeamua. Asubuhi nilifagia nyumba, nikaosha vyombo vyote, nikafunga cherehani yangu kwa kanga mbili na kukaa kitandani kungoja basi la saa tisa. Nilale kwa shangazi Kariakoo, kesho nipande la Kisarawe, nifike Chole kwa mama. Barua niliyomwandikia mume wangu, Adamu, nilikuwa nayo mkononi. Sikujua niiweke wapi aione atakaporudi kutoka Zambia.

Saa nane na nusu wanaume wanne wakaingia uani wamembeba Adamu juu ya mlango. Mume wangu ameendesha lori miaka sita, mlima wa Kitonga anapanda na kushuka kama ngazi za nyumbani, na leo ameanguka Mlandizi, lori limesimama, alipokuwa juu anafunga turubai lililolowa.

"Usiogope, Mwanajuma," alisema. "Ni mguu tu."

Walipomlaza kitandani akatazama huku na huku chumbani, kisha akafumba macho.

Basi la saa tisa nililisikia likipita.

Ijumaa, 9 Machi

Hospitali. Mfupa wa muundi, vipande viwili. Plasta mpaka pajani, wiki kumi na mbili.

Jumatano, 14 Machi

Barua nimeichoma. Nimeandika nyingine kwa mama: nitamuuguza mpaka plasta itolewe, halafu nitakuja. Mgonjwa hawezi kuachwa kitandani, hata kama ni mgonjwa aliyekuacha wewe mara nyingi.

Tangu tuoane hajawahi kulala nyumba hii siku kumi mfululizo. Sasa yupo asubuhi, yupo adhuhuri, yupo jioni, kama kabati. Kazi yake ni kusikiliza barabara. Mimi nashona sare za shule, yeye kalala nyuma yangu anahukumu malori.

"Huyo amechelewa kubadili gia. Huyo tairi zake za nyuma zimekwisha. Huyo ni Mwishehe, namjua kwa breki zake."

Leo nimemwambia akae kimya. Akakaa kimya. Ikawa mbaya zaidi.

Jumanne, 20 Machi

Mvua zimeanza kweli. Adamu aliniomba mkoba wake wa safari, akatoa kitabu chembamba cha matangazo, kurasa nane, pembe zimeliwa. Ndani ni gari moja tu limepigwa picha kila upande: Pontiac GTO ya mwaka sitini na saba. Taa za mbele zimepandana mbili mbili, na pua ina tundu mbili zenye wavu.

"Injini ya silinda nane," akaniambia, sauti imebadilika. "Nguvu za farasi mia tatu thelathini na tano."

"Za kubebea nini?"

"Watu watano."

Nikarudi kwenye sare zangu. Miaka sita nimeolewa na mtu huyu, na anachokihifadhi kwenye mkoba ni picha ya gari la Wamarekani.

Alhamisi, 22 Machi

Ametaka kisu na kipande cha msufi. Nimempa, bora mikono yake iwe na kazi.

Jumapili, 25 Machi

Mvua. Unga wa mbao kwenye wali.

Jumatano, 28 Machi

Futi yangu ya kushonea imeibwa na mume wangu. Anasema kila futi moja ya gari la kweli itakuwa inchi moja ya lake, kwa hiyo lote litakuwa na inchi kumi na saba na kidogo. Ukutani juu ya kitanda amechora gari kwa mkaa, upande, mbele na juu, na namba kila mahali. Nilikuwa nimefungua mdomo nigombe kwa ajili ya ukuta wangu, nikaona jinsi mistari ilivyonyooka, nikanyamaza. Sikujua kama anajua kuchora. Hata yeye sidhani kama alijua.

Jumatatu, 2 Aprili

Leo nimecheka mpaka nikaumwa mbavu, na sikutaka.

Adamu amefikia kutengeneza viti vya gari lake. Akachukua sindano yangu na kitambaa cheusi, akajifungia na shughuli yake tangu asubuhi. Saa nane akaniita. Alichoshona kilifanana na popo aliyekanyagwa.

"Ni kiti cha dereva," akasema.

"Dereva huyo ana ugonjwa gani?"

Alijaribu kukasirika, akashindwa. Tukacheka wote wawili, plasta inagonga ubao wa kitanda, ko ko ko. Baadaye nikachukua pochi yangu ya zamani iliyochanika zipu, ile ya ngozi ya bandia, nikaikata. Nikapima kwa kitabu chake. Kila kiti mistari saba ya mshono, nikajaza sufi ndani. Kila kimoja ni kikubwa kama kiberiti. Vinne nimemaliza kabla ya magharibi, na cha nyuma kirefu. Kumbe vya mbele ni viwili tu! Nilipotazama kitabu tena nilikuwa nimeshashona viwili vya ziada.

Sare za watoto wa watu zimelala.

Alhamisi, 5 Aprili

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mfaume, alikuja na mwavuli na uso wa kikao. Nilijua yatakuwa yapi. Huyu mzee simpendi. Akiingia nyumba ya mtu anahesabu magunia kwa macho.

"Nimeambiwa humu ndani mnatengeneza gari la kibepari," akasema.

"Shikamoo mzee," akasema Adamu.

"Marahaba. Liko wapi?"

Adamu akafunua shuka. Bodi lilikuwa limeshatoka kwenye gogo: mabega mazito ya nyuma, paa linaloteremka taratibu. Mzee Mfaume akainama. Akainama zaidi. Akavaa miwani.

"Watu wangapi?"

"Watano."

"Farasi?"

Adamu akamwambia.

"Farasi mia tatu na thelathini na tano kwa watu watano!" Alikasirika kweli. "Hilo lingevuta trela mbili za mkonge mpaka Kwala! Na usukani mbona umeuweka kushoto? Nchi hii usukani uko kulia."

"Mzee, wenyewe wanaendesha hivyo."

"Wanakosea."

Wakabishana saa nzima. Chai nikawapa mara mbili. Alipoondoka hakusema tena neno ubepari. Mlangoni akageuka, akauliza kwa sauti ya chini kama ekseli ya nyuma tayari tunayo.

Jumamosi, 7 Aprili

Wavu wa pua nimeukata kwenye chujio la chai. Sasa tunakunywa chai na majani yake.

Ijumaa, 13 Aprili

Vioo vilitushinda wiki nzima. Plastiki ya shati jipya inakunjamana, chupa haikatiki. Leo nikaona ile picha ya eksirei ya mguu inaning'inia msumarini. Nikaichemsha kwenye maji ya magadi. Weusi ukaanza kuchubuka kama ngozi ya maziwa, mfupa ukaondoka, mpasuko ukaondoka, ikabaki plastiki safi unayoweza kusomea gazeti. Nikamwonyesha.

Akaishika kwenye mwanga. "Umefuta mguu wangu."

"Nimekutengenezea kioo cha mbele."

"Mwanajuma," akasema, "wewe ni fundi." Akalisema jambo hilo polepole, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kwa mara ya kwanza.

Nimeona afadhali niandike ukweli: jana na juzi sikufikiria Chole hata kidogo.

Jumatano, 18 Aprili

Msiba. Baada ya Maulidi mvua haikupumzika siku mbili, Ruvu imefurika, malori yamepanga foleni. Tulipoamka, bati lilikuwa linavuja juu ya meza. Bodi lote limekunywa maji usiku kucha. Msufi umevimba, halafu ukapasuka, kutoka kwenye taa mpaka mlangoni.  Adamu alilisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza, likaanguka chini.

"Basi," akasema, na kugeukia ukuta.

Alhamisi, 19 Aprili

Nitaandika yote leo, hata kama daftari litakwisha.

Alikaa amegeukia ukuta mpaka mchana. Mimi nilipaswa kufurahi, kwa sababu kazi yangu hapa ni kuuguza tu na wiki zinapungua. Badala yake nilikuwa nimechutama sakafuni naokota vipande vya mbao, machozi yananitoka kwa hasira. Nikamwambia:

"Magari yako mengi, Adamu. Umeendesha Leyland, umeendesha Fiat. Kwa nini hili? Ni la nani hata ulililie?"

Mvua kwenye bati. 

"Ndilo lililonileta," akasema.

"Lilikuleta wapi?"

"Chole. Mwaka sabini."

Nikakaa chini palepale.

Mwaka sabini, Novemba, mtoto wetu Shomari alikufa kwa homa. Alikuwa na miezi saba. Nilikuwa kwa mama Chole, tukamzika huko. Adamu alifika siku ya kumi na moja. Alikuja amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akasimama mlangoni, akatoa salamu, mama hakuitikia. Tangu siku ile mama hajawahi kusema naye. Mimi nilisema naye, lakini ya chumvi na mafuta ya taa tu. Moyoni nilikuwa na jambo moja: alimaliza kwanza kushusha mzigo wake ndipo akakumbuka kuwa amezaa.

Sasa akanieleza, bado kageukia ukuta. Telegramu ilimngoja Mbeya siku tano, yeye yuko Zambia hana habari. Alipoisoma hakulala, aliendesha moja kwa moja, na chini ya Kitonga ekseli ikakatika. Akamwacha utingo na lori, akaanza kutembea. Karibu na kambi ya Wamarekani waliokuwa wanajenga barabara akashindwa, akakaa juu ya pipa la lami. Alfajiri mmoja wao, kijana mwenye madoadoa usoni, akamkuta pale. Kiswahili chake cha maneno ishirini. Adamu akamwonyesha telegramu. Yule hakuweza kuisoma, akaenda kumwita mpishi amsomee. Alipoelewa alikwenda akarudi na gari lake mwenyewe, alilolileta kwa meli kutoka kwao, bluu iliyokolea kama kaniki. Akafungua mlango.

"Jua lilikuwa linachomoza," Adamu alisema. "Mawe yanagonga chini, ta ta ta, nikajua gari lake linaharibika. Yeye hajali. Tulipopita Mikumi lami mpya ikaanza. Akanitazama, akakanyaga. Mwanajuma, sijawahi. Lori langu ni ng'ombe. Lile gari lilinguruma, kiti kikanisukuma mgongoni, na mimi..." Akapitisha kidole juu ya mchoro wa mkaa. "Nikacheka. Mwanangu yuko kaburini siku kumi, na mimi nikacheka kwa sauti. Kwa dakika moja nilimsahau. Saa nne niko Morogoro, akanipa kile kitabu na nauli ya basi, akarudi zake."

"Hukuniambia."

"Ningeanzaje? Mtoto amekufa, mimi nakwambia habari za gari zuri?"

Sijui nilifikaje kitandani. Nilikaa ubavuni mwake, nikaweka mkono mgongoni mwake. Miaka miwili na nusu nimelala na kisa ambacho hakikutokea. Yeye alikuwa na kisa chake. Tumepishana humu ndani kama malori ya usiku, kila mmoja na mzigo wake.

"Nilijua unaondoka," akasema. "Siku ile waliponileta, cherehani ilikuwa imefungwa."

"Na ukanyamaza."

"Kilichokuzuia ni mguu, si mimi. Niseme nini?"

Nikamwambia kwamba hata mimi nilicheka. Siku ya saba ya msiba mbuzi wa jirani aliingia akala ukili wa mkeka wa waombolezaji, nikacheka mpaka nikatoka nje kujificha. Sijawahi kumwambia mtu.

Akageuka. Tukatazamana. Sikumbuki nani alianza kulia na nani alianza kucheka.

Jioni nikaweka kipande kipya cha msufi mapajani mwake. "Safari hii," nikasema, "tunapaka vanishi kila jioni, na meza inakaa upande wa pili."

"Sawa, Mama Shomari," akasema.

Tangu mwaka sabini hakuna aliyeniita hivyo.

Jumanne, 24 Aprili

Mzee Mfaume amekuja na spoku za baiskeli, msasa, na tupa ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa cha mafuta. Kumbe alikuwa fundi mitambo miaka kumi na tisa shamba la mkonge. Nilipomuuliza mbona hakusema, akajibu, "Hakuna aliyeniuliza. Watu wakimwona balozi wanaficha magunia." Nimeona haya.

Amefanya ekseli inayozunguka. Usukani wa kushoto bado anaukataa.

Jumatano, 2 Mei

Buluu ya kufulia ndani ya vanishi, tabaka sita. Adamu alitaka bluu ile ile, nikamletea kaniki ya mama yake tukalinganisha dirishani. Mikono yangu imekuwa ya buluu, mteja mmoja ameuliza kama ni ugonjwa.

Jumatano, 9 Mei

Barua ya mama. Chumba kiko tayari, plasta inatoka lini? Nimejibu: nitakuja, lakini si kama nilivyosema. Nikafuta. Nikaandika tena yaleyale.

Alhamisi, 17 Mei

Tairi! Tumekata kandambili nne. Mzee Mfaume kazizungusha kwenye msumari na tupa mpaka zikawa duara kamili. Kitabu kinaonyesha mstari mwekundu mwembamba ubavuni mwa kila tairi. Rangi ilichirizika. Nikachukua uzi mwekundu, nikaulaza kwenye gundi kwa ncha ya sindano, pumzi nimeizuia. Nilipoinua kichwa, wanaume wawili walikuwa wamezuia pumzi pia.

Jumapili, 20 Mei

Mvua ndogo. Milango inafunguka! Nimefungua na kufunga mara hamsini.

Alhamisi, 24 Mei

Injini imeingia. Silinda nane, waya zake ni nyuzi, kabureta ni kizibo cha dawa ya kikohozi. Bonneti ikifungwa hakuna atakayeiona. Nikauliza basi kwa nini tulihangaika siku nne.

"Sisi tunajua ipo," akasema Adamu.

Jumatatu, 28 Mei

Plasta imetoka. Mguu ni mwembamba, mweupe, una nywele kama wa mbuzi. Daktari alitaka ile picha ya kwanza alinganishe.

Tukatazamana na Adamu.

"Daktari," nikasema, "tumeitumia."

"Mmeitumia kufanya nini?"

Nikamwambia. Akavua miwani, akatuangalia mmoja mmoja, akamwita muuguzi ili nirudie. Baadaye akapiga mpya, akasema mfupa umeunga vizuri sana, na tukipata nafasi tumletee hilo gari alione. Ile picha ya pili hakutupatia.

Jumamosi, 2 Juni

Mwenye lori amekuja. Safari za Zambia ziko tayari Julai. Adamu hakujibu kama zamani, aligeuka akaniuliza mbele yake. Tumekubaliana za Morogoro, kwenda na kurudi, kulala nyumbani. Mwenye lori akashangaa kuona dereva anamuuliza mkewe. Mimi nilishangaa zaidi.

Jumamosi, 9 Juni, Chole

Tumefika jana alasiri, wawili. Kutoka tulipoteremka ni mwendo wa saa moja, Adamu na fimbo yake, mimi na sanduku kichwani. Hakutaka tuende nyumbani kwanza. Tulikwenda kaburini. Alipalilia kwa mikono, mguu mmoja kaunyoosha kwa kuwa bado haukunjiki. Tukasoma Fatiha. Ni mara ya kwanza tunaisoma pale pamoja.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama," Adamu akasema.

Mama akaendelea na mchele. Nikaliweka sanduku mbele yake, nikatoa gari, nikamweleza yote. Sikupamba. Nilimweleza pipa la lami, telegramu, mpishi, mawe yaliyogonga chini. Nilipofika Mikumi nikamtazama Adamu, akaniitikia kwa kichwa, nikaeleza hata kile kicheko. Mikono ya mama ilikuwa imesimama ndani ya ungo.

Akausogeza ungo kando.

"Huyo kijana wa madoadoa," akasema mwishoni, na alisema na Adamu mwenyewe, "jina lake nani?"

"Alisema nimwite Dani, mama. Sikulijua la baba yake."

"Linatosha." Akainua viganja, akamwombea Dani, wazazi wake na safari zake, na Mungu amlipe kwa gari aliloliharibu. Tukaitikia amina. Kisha akafuta uso, akasema, "Marahaba, baba."

Akalivuta gari karibu. Akafungua mlango kwa ukucha, akachungulia viti, akapitisha kidole juu ya paa. Mimi nilikuwa nangoja kasoro, mama yangu hajawahi kuona mshono usio na kasoro.

"Lilikuwa linaliaje?" akauliza.

Adamu akanitazama. Mkwe hapigi kelele mbele ya mama mkwe, hata mtoto analijua hilo.

"Mama, ni... ni mlio mzito."

"Mzito vipi? Nimekuuliza."

Mume wangu akaegemeza fimbo ukutani. Akakohoa. Akajaza mashavu, akaanza chini kabisa, bububububu, gari limesimama, linangoja. Akapandisha. Gia ya kwanza, ya pili, shingo imemvimba, kuku wametawanyika, na mama akalishika gari na kulisukuma juu ya mkeka, mbio, mchele unaruka pande zote, akicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.

"Lirudie!" akasema. "Lirudie, safari hii lisisimame Morogoro, lifike mpaka hapa!"